Roboti "imesimama" au "amesimama"?

SWALI: Kikundi chetu hapa Mikindani kinageuza riwaya ya kisayansi kuwa filamu. Ndani yake kuna roboti inayochimbua mijusi mikubwa ya Tendaguru, yaani dinosaria wa kule Lindi. Mwandishi anaanza na "roboti ilisimama", lakini kuanzia katikati ya kitabu anaandika "roboti alisimama". Msimamizi wetu wa skripti anasema hilo ni kosa la uhariri, tuchague moja. Ipi sahihi?

JIBU: Zote mbili ni sahihi, na tafadhali msizisawazishe. Mwandishi hakuteleza. Pale i- inapogeuka a-, mashine imepata nafsi, na hicho ndicho kisa chenyewe.

Majina ya kukopwa kama redio na kompyuta huingia ngeli ya I-ZI, na neno roboti likafuata njia hiyo. Lakini upatanisho wa A-WA hautazami umbo la jina, unatazama uhai: kifaru anakunywa, kijana analima, ingawa majina yana ki-. Tena neno hili lilizaliwa jukwaani, katika tamthiliya ya Mcheki Karel Čapek ya mwaka 1920, kutokana na neno la lugha yake lenye maana ya kazi ya shokoa, yaani ya kulazimishwa. Tangu hapo lilikuwa jina la mtenda kazi, si la chombo.

Tatizo lenu liko kwingine. Riwaya ina msimulizi. Masimulizi yake yakigeuzwa maelekezo ya skripti, mtazamaji hayasikii tena, na ile a- inapotea bila mtu kujua. Kwa hiyo ihamisheni iingie vinywani mwa wahusika. Ndani ya maelekezo, hapo msimamizi wenu ana haki: shikeni kiambishi kimoja mwanzo hadi mwisho, mtu wa vifaa na muigizaji wasichanganyikiwe.

Mahali penye nguvu kuliko pote ni kiambishi cha mtendwa. Sikilizeni:

— Izime!
— Usimzime!

Anayesema "izime" anafunga swichi. Anayejibu "usimzime" anazuia mauaji. Ukurasa mmoja wa skripti hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu, na hapa maneno mawili yamebeba kilichomchukua mwandishi sura nzima. Ila wahusika wasibadilike wote kwa pamoja. Aanze mmoja aliye karibu na roboti, wengine wabaki na i-, na mkuu wa machimbo awe wa mwisho kukubali.

Vimilikishi msivitegemee sana. "Roboti yangu" haiamui lolote, maana tunasema pia rafiki yangu na dada yangu. "Roboti wangu" inamweka pamoja na mbwa wangu na ng'ombe wangu: ana uhai, lakini ana bwana. Hiyo ni hatua nzuri ya katikati. Naye roboti mwenyewe akisema "nimechoka", ni- haina ngeli, hivyo hukumu iko kwa anayemjibu: "Imeharibika", au "Amechoka".

Jihadharini na neno "mtambo". Kitabuni, "umelala" inaeleweka kwa sababu jina liko jirani. Sikioni, umelala mtambo au umelala wewe? Waigizaji wawili wakiwa wanatazamana, mtazamaji atadhani ni wewe. Semeni roboti au mashine.

Zipo pia li- na ki-, nazo ni tamu kwa filamu ya namna hii. Zimwi likujualo halikuli likakwisha: zimwi lina uhai, ila tunalipatia li- kwa ukubwa na kwa kutisha. Mlinzi akipiga kelele "Limeamka!", woga wake umesikika kabla kamera haijaonyesha kitu. Fundi aliyeiunda yeye atasema "kidude changu kimegoma", kwa kujiamini kule kule kwa mchongaji wa Kimakonde: kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Siku fundi huyo atakapoacha ki- na kusema li-, hamhitaji muziki wa kutisha.

Na moja ambalo hamkuuliza. Mmeandika "mijusi mikubwa". Mjusi ana uhai, kwa hiyo ni mijusi wakubwa, hata kama walikufa miaka milioni 150 hivi iliyopita. Yule wa Tendaguru aliyesimamishwa katika jumba la makumbusho Berlin ana kimo cha zaidi ya mita 13. Yeye ni mkubwa, na mifupa yake ndiyo mikubwa. Rekebisheni kabla ya kurekodi sauti.