Maswali ya Wasomaji: Lambo Linapobadilika

SWALI: Lambo la karibu na kwetu, hapa Kwimba, zamani lilifika Septemba likiwa na maji. Mwaka huu Julai tu tope linaonekana. Wazee wanasema ni jua, vijana wanasema linavuja. Tutajuaje?

JIBU: Iulizeni ndoo. Jazeni ndoo ya lita 20 maji ya lambo hilohilo, muiweke pembeni penye kina kifupi, na mawe mawili matatu ndani isipinduke, mdomo wake ukibaki juu ya maji kama vidole vinne. Kando yake pigilieni mti wenye alama za sentimita. Wekeni alama ya usawa wa maji ndani ya ndoo na kwenye mti, kisha subirini siku tatu zisizo na mvua.

Ndoo inanyang'anywa na jua na upepo tu. Lambo linanyang'anywa na ardhi pia. Vyote vikishuka sm 2, wazee wamesema kweli. Ndoo ikishuka sm 2 na lambo sm 5, hizo sm 3 zimezama chini. Au zimo tumboni mwa ng'ombe, kwa hiyo siku hizo mifugo inyweshwe kwingine, na ndama asiifikie ndoo.

Kosa la kawaida ni kusimika mti kwenye tope laini: unazama polepole, nanyi mnaandika kwamba maji yamepanda! Upigilieni hadi ardhi ngumu.

Yupo mtuhumiwa wa tatu ambaye hamkumtaja, nao ni mchanga unaoletwa na mvua. Shusheni fimbo ndefu taratibu. Inapogusa tope, soma kina. Ikandamize hadi igome, soma tena. Tofauti ndiyo unene wa tope. Pimeni sehemu zilezile kila mwaka, mwezi uleule.

SWALI: Bwawa letu limegeuka kijani. Alfajiri sato wanahema juu ya maji, jua likipanda wanazama. Kuna aliyetia sumu?

JIBU: Dalili hizo si za sumu ya mtu. Kijani hicho ni mwani. Mchana hutoa oksijeni, usiku nao huivuta pamoja na samaki, kwa hiyo inapungua kabisa karibu na mapambazuko. Anayekagua bwawa saa 6 mchana tu hataona tatizo hata siku moja.

Pima uwazi wa maji. Kata bati la mviringo lenye kipenyo cha sm 20, ligawe robo nne, upake nyeusi na nyeupe kwa kupokezana. Lining'inize kwa kamba yenye fundo kila sm 10, na jiwe chini yake. Kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, lishushe upande wenye kivuli hadi lipotee, lipandishe hadi lionekane, kisha chukua wastani wa vipimo viwili. Sm 30 hadi 45 ni kijani chenye faida. Chini ya sm 20, acha samadi na mbolea, punguza chakula, ongeza maji mapya.

Kijani kikielea kama rangi ya mafuta iliyomwagika, chovya kijiti. Kikitoka na nyuzi zinazoning'inia, ni mwani wa kawaida. Kikitoka kimepakwa rangi, huenda ni bakteria wa kijani-buluu, na baadhi yao wana sumu inayoua ng'ombe na mbwa. Zuia mifugo, na msinywe: kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo.

SWALI: Watoto wachunguze nini kijitoni?

JIBU: Chini ya mawe. Wakipata wadudu wa aina nyingi, wakiwemo watoto wa kereng'ende, maji yana uhai. Wakipata funza wekundu peke yao, oksijeni ni haba. Wekundu huo ndio unaowawezesha kuishi hapo. Wavae mabuti ya mpira na wachote kwa chujio la mpini mrefu, hasa maji yanapotulia na kuna konokono. Kichocho hakihitaji mtu anywe maji, kugusa kunatosha.