Perege Wanaohema Alfajiri

SWALI: Ninafuga perege katika bwawa la mita 10 kwa 15 huku Moshi vijijini, na maji ninayapata kwa zamu kutoka kwenye mfereji. Tangu masika yaanze, kila alfajiri ninawakuta samaki wamepanda juu wakihema midomo wazi, na wengine wamekufa. Ikifika saa 4 asubuhi waliobaki wanaogelea kama kawaida. Jirani yangu anafuga kambale kwa maji hayo hayo wala hapati hasara. Je, ninunue mashine ya kuingiza hewa?
Msomaji, Moshi

JIBU: Pole sana, ndugu msomaji. Saa ulizozitaja zinaonyesha kwamba maji yako yanaishiwa oksijeni usiku. Mchana, mwani unaoyapa maji rangi ya kijani hutengeneza oksijeni kwa mwanga wa jua. Giza likiingia, mwani huo huo huitumia pamoja na samaki, na vijidudu vinavyoozesha samadi na mabaki ya chakula huitumia pia, hata kiwango kikafikia chini kabisa karibu na mapambazuko. Mawingu ya masika hupunguza kinachotengenezwa mchana, hivyo usiku huanza na akiba ndogo. Perege hustawi oksijeni ikiwa miligramu 5 au zaidi kwa lita, na ikikaa chini ya 3 hula kidogo na kudhoofika. Kambale ana kiungo cha ziada kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji, kwa hiyo usipime maji yako kwa samaki wa jirani.

Kabla ya kununua mashine, zamisha mkono wima ukiwa umekunja kiganja kielekee juu. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, na rangi ni ya kijani, mwani umezidi. Acha kuweka samadi, punguza chakula, na kamwe usilishe samaki wanaohema, ingawa wafugaji wengi hudhani wana njaa. Ukiweza kukubaliana na wenzako wa mfereji, zamu yako iwe kati ya usiku wa manane na alfajiri. Yaache maji yaanguke kutoka juu na kupasukia kwenye mawe, huku ukitoa maji ya chini upande wa pili, kwa sababu hayo ndiyo yenye oksijeni kidogo zaidi. Siku isiyo ya zamu, pampu ndogo inayovuta maji ya juu ya bwawa na kuyarusha hewani itawaokoa wengi.

Idadi ya samaki hukuitaja. Bwawa lisilo na mashine lifugwe samaki 2 hadi 3 kwa mita ya mraba, yaani 300 hadi 450 kwa bwawa lako. Ukikusudia kuzidisha hapo, mashine itakuwa ya lazima, nayo iwashwe tangu usiku wa manane hadi jua litakapopanda vizuri, bila kusubiri samaki waanze kuhema.