Kabla hujailaumu ndege ya bure

Saa tano na robo usiku. Nimeisimamisha ndege ya Boeing 737 mwanzoni mwa njia ya kurukia namba 06 pale uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, ile ya kwenye kompyuta. Flapsi, vile vibao vya nyuma ya mabawa vinavyosaidia kunyanyuka, ziko nafasi ya 5, mafuta yapo, taa za njia zimenyooka mbele yangu kama shanga. Nikasukuma throto, mikono ya nguvu za injini. Honi ikaanza: paa, paa, paa. Nikarudisha, kimya. Nikasukuma tena, paa, paa, paa. Mama Salma akaniita kutoka chumbani: "Hilo gari la nani linalia usiku wote huu?"

Nikamwambia si gari, ni ndege. Hakuendelea kuuliza.

Na mimi nikasema kimoyomoyo maneno ambayo wengi huyasema: ndiyo maana wanaitoa bure.

Ndege yenyewe ni 737-800 inayojulikana kwa jina la Zibo, jina la kimtandao la mtu aliyeianzisha. Alichukua 737 inayokuja ndani ya X-Plane, simyuleta (programu ya kurusha ndege kwenye kompyuta), akaanza kuichokonoa na kuiongezea mifumo, wenzake wakajiunga, mpaka leo hii iko kwenye X-Plane 12 na ile ya asili huwezi kuilinganisha nayo. Huilipii hata senti. Ila tusidanganyane: ndege ndiyo ya bure, X-Plane yenyewe inauzwa. Kama mfukoni hakuna kitu kabisa, anza na FlightGear, ambayo simyuleta na ndege zake zote ni bure.

Niliichagua 737-800 kwa sababu naifahamu kwa macho. Kenya Airways wanazo, na mara kadhaa nimepanda moja kuja nyumbani Mombasa. Na huo ndio ushauri wangu wa kwanza kwa anayetaka kujaribu ndege mpya: irushe kwenye njia unayoijua. Usikimbilie London wala Dubai. Ukienda usikokujua, kitu kikiharibika hutajua kama ni ndege, ni uwanja, ni hali ya hewa au ni wewe. Nairobi hadi Mombasa ni takriban maili za baharini 230. Ni safari fupi, unaweza kuirudia mara mbili usiku mmoja, na unajua kabisa kwamba mlima Kilimanjaro lazima uwe kulia kwako. Ukiuona kushoto, usiangalie mlima, angalia dira.

Kuiweka hakuna ufundi, kunataka utulivu. Faili ni kubwa, kwa hiyo kama unatumia bando la simu subiri ofa ya usiku. Ukishapakua, fungua kifurushi ndani ya folda ya Aircraft, halafu ingia uhakikishe hujapata folda ndani ya folda nyingine yenye jina lile lile, maana hilo huwachanganya watu sana. Usiichanganye na ile 737 ya asili. Kila moja ikae kwake. Toleo jipya likija, kwanza angalia kama ni furushi kamili au ni kiraka tu cha kuwekwa juu ya la zamani. Na lile faili la maandishi linalokuja nalo, ambalo sote hulipita kama kibao cha "usikojoe hapa", lisome.

Usipakue kutoka popote pengine isipokuwa pale watengenezaji wenyewe wanapoiweka. Kuna watu huchukua ndege za kulipia, wakazivunja kufuli, wakazigawa kama "bure". Hiyo siyo bure, hiyo ni ya wizi, na huwezi kujua wamekuwekea nini ndani.

Jambo la pili ni kompyuta yako. Mimi nina laptopu ya GB 16 za RAM ambayo si mpya. Usiku wa kwanza niliona ajabu: nilikuwa hewani dakika ishirini kwa saa ya ukutani, lakini saa ya ndani ya ndege haikufika kumi na tano. Kumbe X-Plane, picha zikishuka chini ya kama 20 kwa sekunde, hupunguza mwendo wa muda wake ili hesabu za ndege zisiharibike. Ndege inakuwa kama inaruka ndani ya uji. Ukiwa hujui, utasema ndege ni nzito, haiitikii usukani. Nikapunguza vivuli, nikapunguza ubora wa picha, nikaacha majengo machache. Ikachangamka, na wala sikugusa kitu kwenye ndege.

Tukirudi kwenye honi. Ndege hii, kama 737 yenyewe, hukupigia honi kama hujaipanga sawasawa kwa kuruka. Ukisukuma throto ukiwa ardhini, inaangalia: flapsi ziko kwenye nafasi ya kuruka? Trimu ya mkia, inayosaidia kuiweka pua sawa, iko ndani ya eneo la kijani? Breki ya kuegeshea imeachiwa? Mkono wa breki za hewa, vile vibao vya juu ya mabawa vya kupunguza mwendo, umelala chini kabisa? Kimoja kikikosekana, honi. Flapsi nilikuwa nazo. Trimu nikaitazama, iko kwenye kijani. Breki nimeachia. Nikabaki natazama dari.

Nikasogeza kamera karibu na throto, karibu kabisa, kama mtu anayesoma maandishi madogo ya kidonge. Mkono wa breki za hewa ulikuwa umeinuka, kidogo sana, labda upana wa kucha. Na ukikazia macho ulikuwa unatetemeka.

Joistiki yangu, usukani wa mezani wa kurushia, niliinunua mtumba. Ina kitelezi kidogo pembeni ambacho siku za nyuma, nikirusha ndege nyingine, nilikuwa nimekipa kazi ya breki za hewa, nikasahau. Vumbi limeingia, hakitulii sehemu moja. Ile ndege nyingine haikujali. Hii ikaona, ikapiga kelele, na ilikuwa na haki. Nilikwenda kwenye mipangilio, nikakivua kitelezi kazi, nikasukuma throto. Kimya. Injini tu.

Kwa hiyo kabla hujaandika popote kwamba ndege fulani ni mbovu, pima vifaa vyako. Joistiki uisawazishe upya, na kila kitufe ukijue kazi yake, maana mipangilio ya zamani huja nayo hadi ndege mpya. Na ukitaka kutengeneza, badilisha kitu kimoja, rusha, kisha badilisha kingine. Ukigeuza vitano kwa mpigo, hata ukifaulu hutajua dawa ilikuwa ipi.

Sasa raha yake. Washa ndege kutoka kwenye giza, usije ukaianza injini zikiwa tayari zinanguruma. Betri, umeme wa ardhini, kisha zile swichi mbili za IRS juu ya kichwa, mfumo unaotafuta ndege iko wapi duniani. Kwenye 737 halisi muda wake hutegemea uko mbali kiasi gani na ikweta: kwetu huku ni kama dakika tano, wakati kaskazini sana ulaya huenda kwenye kumi na zaidi. Nairobi iko digrii moja na ushei tu kusini ya mstari, kwa hiyo sisi ndio tunaobembelezwa. Wakati inajitafuta, unaandika safari kwenye FMC, kompyuta ya safari ya ndege: HKJK na HKMO (alama za viwanja vya Nairobi na Mombasa), uzito, kimo cha futi 27,000. Mpango wa safari natoa SimBrief, tovuti ya kupanga safari za ndege, nao ni bure, na ile tableti ya kwenye chumba cha rubani huuvuta yenyewe. Ramani za FMC na za SimBrief zikiwa za vipindi tofauti (hubadilishwa kila siku 28), kuna alama za njiani FMC itazikataa. Zifute, uendelee.

Nairobi pia itakufundisha kitu ambacho Mombasa haiwezi. Uwanja uko zaidi ya futi 5,300 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Noti (maili za baharini kwa saa) 140 kwenye saa ya mwendo, ardhini ni zaidi ya 150, na ndege inakimbia, inakimbia, inakimbia kabla ya kunyanyua pua. Mara ya kwanza nilidhani nimekosea uzito. Njia ya 06 ina zaidi ya mita 4,000, na ukiiona ndege ikiila hivyo unaelewa kwa nini waliijenga ndefu. Ndege ya bure inayojua tofauti ya hewa ya Embakasi na ya Changamwe, mimi nimeiheshimu.

Kujua uanze kushuka maili ngapi kabla ya uwanja, chukua maelfu ya futi uzidishe kwa tatu. Futi 27,000 ni maili 81, ongeza chache za kupunguza mwendo. Maana yake hujamaliza chai, theluthi ya mwisho ya safari yote ni kushuka. Nilichelewa mara mbili, nikafika juu ya Kwale nikiwa bado na futi 9,000, nikalazimika kuzunguka kama mwewe aliyeona kuku.

Safari ya tatu niliingia vizuri njia ya 03, flapsi 30, upepo kidogo kutoka kulia. Niligusa chini nikishuka kwa mwendo wa futi 410 kwa dakika, ambayo abiria wangeisikia mgongoni. Lakini baada ya magurudumu kugusa, breki za hewa hazikufunguka zenyewe. Nikakumbuka: sikuziweka tayari kabla ya kutua, na kile kitelezi sasa hakina kazi. Kazi hiyo nimekipa kitufe kingine, cha kubofya. Kesho usiku naijaribu.