Kuegesha karibu na waliotangulia

Ndugu, umeuliza kama ni vibaya kuegesha gari la kulala, lile lenye kitanda ndani, ubavuni mwa waliotangulia kufika, maadamu eneo la kambi ni la bure na la wote. La wote, sawa, lakini aliyetangulia alipachagua kwa utulivu wake. Nafasi ikiwepo, sogea mbali hadi usisikie mlango wake ukifungwa. Ikibana, shuka, piga hodi, msalimu, muulize. Ukifika usiku, punguza taa mapema. Zile kubwa hupenya pazia na kuamsha watoto wa watu.

Jenereta ndiyo inayoniumiza zaidi. Wewe umejifungia ndani na feni yako, jirani amelala madirisha wazi, moshi na mngurumo vyote vinamwishia yeye. Chaji betri mchana, giza likiingia zima.

Choo cha kemikali, kile cha kubebeka ndani ya gari chenye dawa ya kuua harufu, kimwage penye sehemu yake maalumu tu, kamwe si kichakani. Anayelazimika kwenda haja porini achimbe shimo la sentimita 15 hadi 20, mita 60 hivi kutoka kwenye maji, na karatasi aondoke nayo kwenye mfuko.