Risasi ikilia vibaya, usikoki tena

Juzi kuna kaka kaniandikia inboksi, anasema marehemu baba yake kamwachia rifle ya .30-06 (namba hizi ni majina ya aina za risasi, na kila bunduki ina yake) na kimfuko cha risasi, zingine zimeshaota ukijani, na kuna mtu mtaani kamwambia hata za .308 zinaingia tu humo bila shida. Kaka, zinaingia kweli, na hapo ndipo penye hatari.

Ngoja niwaeleze kitu nilichokiona kwa macho yangu, maana nimefanya kazi na wawindaji miaka mingi kwenye vitalu vya Selous, na wengi mnaonisoma mnataka siku moja mmiliki silaha kihalali au muingie kwenye kazi hii.

Tulikuwa na mteja mwenye rifle ya .375, risasi kajitengenezea mwenyewe huko kwao. Tumemfuata nyati tangu alfajiri, tukampata kasimama ubavu, mteja akafyatua. Badala ya ule mlio tunaoujua ikatoka "pff", bunduki haikumsukuma hata bega, nyati kainua kichwa anatutazama. Mteja mkono ushafika kwenye bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, anataka kukoki ya pili! Nikamdaka mkono, nikaukaza haswa, akanifokea kwa lugha yao, nyati huyo akaondoka zake. Tulipotoa bolti na kuchungulia mtutu kutokea nyuma, giza tupu. Ufito wa kusafishia ukagota, kichwa cha risasi kimekwama kama shibiri moja mbele ya chemba (pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa), na punje za baruti zimemwagika mle ndani hazijaungua. Angefyatua ya pili, ile ya kwanza ingeziba njia, mtutu ungepasuka na mkono wake wa kushoto ulikuwa hapohapo.

Usiku kambini akamwambia bosi nimemgusa bila adabu, nikasemwa mbele ya watu, na asante sikupewa. Inaniuma mpaka leo, lakini ikitokea tena namshika tena, na mkono wake bado anao.

Sasa nyie mnaosema risasi ni risasi tu. Tairi la gari dogo unajaza upepo 30 hivi, presha ya risasi ya rifle kubwa kwa kipimo hichohicho inafika 60,000, na yote hiyo inatokea sentimita chache kutoka jicho lako. Kinachoizuia isikurudie ni ganda kukaa sawasawa kwenye chemba. Ganda la .308 lina milimita 51, la .30-06 lina 63, kitako ni kilekile na kichwa unene uleule, ndiyo maana inaingia na pengine inalipuka vizuri tu, ila ganda halina kitu cha kuegemea mbele, linatanuka, likipasuka moshi wa moto unarudi nyuma usoni. Na ile ya milimita 8 ya Kijerumani kwenye mtutu wa .30 ni balaa zaidi, kichwa kinene kinalazimishwa tundu jembamba. Wenye shotigani pia, risasi ya geji 20, ambayo ni nyembamba, ikichanganyika na za geji 12 inateleza inakwama mbele, unaweka ya 12 nyuma yake ukidhani chemba ilikuwa tupu, kwisha habari. Ndiyo maana za 20 viwanda vinazipaka njano.

Kwa hiyo soma maandishi kwenye kitako cha ganda, kila moja, usiamini boksi maana watu wanachanganya. Mlio ukiwa dhaifu, simama, toa bolti, angalia mtutu. Ukifyatua isilie kabisa, elekeza mdomo wa bunduki sehemu salama usubiri angalau sekunde 30 kabla hujafungua, kuna zinazochelewa kulipuka. Na msiache risasi juu ya dashibodi ya gari juani, joto linapandisha nguvu ya baruti, wazee waliowinda huku na rifle ya .416 Rigby tangu 1911 waliipenda kwa vile chemba yake kubwa haina presha kali hata kwenye joto. Narudia, soma kitako cha ganda.

Hizo za kijani, kaka, usizisugue na msasa wala usizijaribu porini. Zipeleke kituo cha polisi pamoja na leseni ya marehemu, maana kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 hata hiyo rifle yenyewe huwezi kukaa nayo bila leseni yako. Ukishapata leseni, mpe fundi wa silaha aikague mtutu na chemba, halafu nunua boksi jipya la .30-06.