Presha kuka kwa asiyekula nyama: nilichojifunza kwa miaka sita

Mkuu, umeuliza kama presha kuka (ile sufuria ya mfuniko unaojifunga na kubana mvuke) ina maana yoyote kwa mtu aliyeacha nyama, maana kila unayemuuliza anakwambia ni chombo cha kulainishia kongoro. Halafu bibi yako naye kaapa kwamba hilo bomu haliingii nyumbani kwake. Mimi natumia mwaka wa sita sasa, na kwetu hatuli nyama kabisa (ni Wasabato, mke wangu alianza kuacha, mimi nikafuata nikinung'unika).

Hao wa kongoro wamekosea hesabu. Kongoro mtu anapika mara moja kwa mwezi. Wewe utapika maharage, kunde, mbaazi na dengu wiki nzima, na hivyo ndivyo vinavyomaliza mkaa.

Nilipohamia Mbeya kutoka Dar nilidhani nauziwa maharage ya mwaka juzi. Kablanketi (aina ya maharage) ileile niliyokuwa naivisha Dar kwa saa moja na nusu, huku saa mbili na nusu zinapita na bado inagoma jinoni. Nikaenda kulalamika kwa mama aliyeniuzia pale soko la Mwanjelwa, akacheka: "Baba, huku tunabandika asubuhi ndo tule mchana." Maharage hayakuwa na kosa. Dar maji yanachemka kwenye nyuzi 100; Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya bahari, yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na hata uchochee moto vipi hayapandi zaidi, yanakauka tu. Presha kuka inaufungia mvuke ndani, mgandamizo unaongezeka, na joto linapanda mpaka karibu na nyuzi 120, huku kwetu pungufu kidogo. Basi ni hivyo tu, hakuna uchawi. Mtungi wangu wa gesi wa kilo 6 uliokuwa unakata kwa wiki tatu sasa unavuka mwezi.

Bibi lakini msikilize, haogopi bure. Wiki ya pili tu nilijaza dengu hadi karibu na mfuniko, nikaona navuna mapishi ya siku tatu kwa mpigo. Dengu hutoa povu, na maganda mepesi yakapanda na povu yakaziba tundu la filimbi (kile kizito cha juu ya mfuniko kinachopitisha mvuke kwa mlio). Filimbi ikanyamaza. Nikafurahi kwamba imetulia! Mara vali ya usalama ikafyatuka, supu ya njano ikapiga dari, na doa lake lipo mpaka leo kwa sababu mwenye nyumba bado hajapaka rangi. Hakuna aliyeumia, na kwa kweli chombo kilifanya kazi yake: ile vali imewekwa pale ili mvuke utoke kwayo kabla sufuria haijapasuka. Tangu siku hiyo jamii ya kunde haivuki nusu ya sufuria, natia kijiko cha mafuta kupunguza povu, na kabla ya kufunga nainua mfuniko nautazama mwanga wa dirishani kupitia lile tundu. Nisipoona mwanga, napitisha kijiti.

Jambo jingine la kumtuliza bibi: usinunue mtumba bila kukagua vali. Niliwahi kuonyeshwa moja sokoni, imeng'arishwa kama mpya, kumbe mahali pa vali ya usalama fundi kachomeka bolti. Hiyo sasa ndiyo bomu.

Kwenye mapishi, loweka usiku kucha, maji ya kulowekea mwaga. Weka maji mapya yapite maharage kwa vidole viwili, hayahitaji zaidi kwa kuwa hayakauki kama kwenye sufuria ya kawaida. Moto mkubwa mpaka presha ijae, kisha punguza na uanze kuhesabu hapo, si tangu ulipobandika. Maharage yaliyolowekwa kwangu ni dakika 12, dengu 18, makande ya mahindi yaliyokobolewa 40. Choroko siziloweki, dakika 10 zinatosha. (Wakenya mlio humu, ndengu yenu ni choroko yetu, msije mkachanganya dakika.) Ukizima, acha presha ishuke yenyewe. Ukiinyanyua filimbi kwa haraka, maji yanachemka kwa ghafla humo ndani na maharage yanapasuka maganda, unapata uji. Na mfuniko ukikataa kufunguka usiulazimishe, unakwambia bado kuna mvuke.

Kosa ninaloliona kwa wengi ni kutupia kila kitu kwa pamoja kwa kuwa wamesikia ni chombo cha haraka. Nyanya na ukwaju vina asidi, na asidi inazuia maharage kulainika; utaongeza dakika mpaka uchoke. Tui nalo likipigwa na presha linakatika, linakuwa mafuta juu na maji chini. Mimi humo naivisha mbegu tu na chumvi kidogo. Kando nakaanga kitunguu, nyanya na bizari, namimina maharage, tui zito linaingia mwisho kwa moto mdogo huku nakoroga. Mchicha na bamia hata usivisogeze karibu. Mke wangu alijaribu bamia, tukaipata imeyeyuka yote, imebaki mikia.

Kisamvu kina habari yake. Kinafaa sana, dakika 20 badala ya saa nzima na ushee, lakini majani ya muhogo yana sumu ya sayanidi, na sumu hiyo inaondoka kwa kutwangwa vizuri na kupaa na mvuke. Kwa hiyo nakichemsha kwanza mfuniko wazi, dirisha wazi, kama robo saa, ndipo nafunga. Karanga na tui baadaye. Wala hakihitaji magadi. Niliwahi kutia magadi kwenye makande kwa mazoea ya nyumbani, sufuria ya alumini ikawa nyeusi ndani. Isitoshe magadi huharibu vitamini B1, na mtu anayetegemea maharage kwa chakula hana sababu ya kuitupa.

Kuhusu ya umeme sina yangu, jirani anayo na anaisifu, anaiwasha anaenda zake kanisani. Nyingi zina mgandamizo mdogo kidogo kuliko ya jikoni, kwa hiyo ongeza dakika chache kwenye hizo zangu. Umeme ukikatika katikati, presha inashuka na unaanza upya. Kwa mtaa wenu unaoulalamikia umeme kila siku humu, chukua ya gesi.

Ukubwa, mko wanne, lita 5 inawatosha ukikumbuka kwamba mtatumia nusu tu. Nunua na mpira wa akiba wa mfuniko siku hiyohiyo, wa saizi ileile, maana ukikakamaa presha haijai na utadhani sufuria imekufa. Mimi nikimaliza kupika nauvua, nauosha, nautundika kwenye msumari nyuma ya mlango.