Tetrameta haioni kitu: je, seli T hazipo kweli?

Mkuu, umeuliza kwa nini mtu aliyeugua influenza hana hata seli moja ya CD8 (seli T zinazoua seli zilizoambukizwa) inayoshika tetrameta ya GILGFVFTL, peptidi (kipande kifupi cha protini) ya influenza. Tetrameta ni molekuli nne za HLA zilizobeba peptidi hiyo, zikiunganishwa na rangi ing'aayo ili kuonyesha seli T zinazoitambua. Kabla ya kulaumu tetrameta, angalia HLA yake, yaani aina ya molekuli zinazobeba vipande vya protini juu ya seli. Kingamwili hushika kirusi kizima. Kipokezi cha seli T hushika kipande cha protini kilichobebwa na HLA, hapa asidi amino 9 juu ya HLA-A*02:01. Asiye na aina hiyo hupambana na kirusi hichohicho kupitia vipande vingine kabisa, na tetrameta yako haitamwona.

HLA ikilingana, shuku nguvu ya mshiko. Kipokezi hushika shabaha yake kwa kiwango cha maikromola 1 hadi 100 hivi, hafifu mno ukilinganisha na kingamwili. Hapa ndipo wengi hupotea: seli inaweza kuamka na kuua kwa mshiko hafifu kuliko ule ambao tetrameta inauhitaji. Tena seli ikishaguswa huvimeza vipokezi vyake, na mwanga unazidi kufifia. Dawa yake ni dasatinibu, inayozuia seli isimeze vipokezi: nanomola 50, nyuzi 37, dakika 30. Usioshe. Ongeza tetrameta, weka kwenye barafu dakika 30, ndipo uweke kingamwili ya CD8. Ukiitanguliza, baadhi ya kloni (matoleo) za kingamwili hiyo huizuia tetrameta isishike.

Hesabu nayo huangusha watu. Seli unazotafuta zikiwa 0.01% ya CD8, ili uone 20 unahitaji CD8 200,000, yaani kama seli milioni 1 za PBMC (limfosaiti na monosaiti zilizotengwa kutoka kwenye damu), na hapo hujapoteza hata moja kwenye kuosha. Tumia rangi ya kutenga seli zilizokufa, maana maiti hunasa kila kitu, na tenga pia seli zenye CD14 (monosaiti) na CD19 (seli B).

TRBV19, jeni ya sehemu ya kipokezi cha seli T, ndiyo hutawala vipokezi vya kipande hiki kwa watu wengi wenye A*02:01, ila usiifanye kipimo: inatumiwa pia na seli zisizohusika na influenza.

Mwisho pima ELISpot ya interferoni gama (kipimo kinachohesabu seli zinazotoa kemikali hiyo zikiamshwa) kwa peptidi hiyohiyo. Ikiitika huku tetrameta ni sifuri, seli zipo na huenda vipokezi vyao ni dhaifu. Isipoitika, jaribu mkusanyiko wa peptidi za protini nyingine za kirusi kabla ya kuandika "hasi".